Shajara ya Risasi Zisizo na Risasi

Jumamosi, 1 Juni. Flagstaff, Arizona

Leo nilikusudia kujaza risasi ishirini. Nilijaza tatu, kisha nikazivunja zote.

Sababu ni makopo mawili. Mwezi uliopita niliandika neno RISASI kwenye kopo la vichwa vya zamani, yaani sehemu inayoruka kutoka kwenye mtutu, vile vyenye moyo wa madini ya risasi na koti jembamba la shaba. Vilipofika vichwa vipya, vya shaba tupu tangu ncha hadi kitako, nikaandika RISASI kwenye kopo lao pia. Jana jioni binti yangu alisafisha meza, akakuta makopo mawili yenye jina moja, kila moja limejaa nusu, akamimina moja ndani ya jingine. Sikumkemea. Alifuata nilichoandika.

Kwa macho havitofautiani kirahisi: vyote vinang'aa rangi ya shaba na vyote vina ncha ya plastiki. Mizani nayo haisaidii, maana vyote ni vya greni 168, yaani gramu 10.9. Kinachovitenganisha ni urefu. Sentimita moja ya ujazo ya madini ya risasi ina gramu 11.34, ya shaba ina gramu 8.96. Kichwa cha shaba chenye uzito uleule hakina budi kuwa kirefu zaidi. Nilikaa na kalipa kuanzia saa mbili hadi saa tano usiku nikipima kimoja kimoja. Vya zamani vilitoka milimita 31, vya shaba karibu 36.

Zile tatu nilizokwisha kujaza nimezivunja kwa nyundo maalumu ya kung'olea vichwa. Kichwa kirefu huzama zaidi ndani ya ganda na kula nafasi ya baruti, na shinikizo hupanda. Kipimo cha baruti kilicho salama kwa kimoja si lazima kiwe salama kwa kingine.

Makopo sasa yameandikwa SHABA na ZAMANI.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeendesha dakika arobaini hadi uwanja wa shabaha, nimerudi bila kufyatua hata mara moja.

Langoni pana tangazo jipya: hadi mvua zinyeshe, ni marufuku risasi zenye chuma na risasi za shaba tupu. Mlinzi alipitisha sumaku kwenye risasi zangu na hazikunasa. Nilimwambia mwenyewe kwamba ni za shaba, naye akanirudisha. Amefanya kazi yake. Mwaka 2013 watafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani walichapisha matokeo ya kupiga risasi za aina mbalimbali kwenye bamba la chuma, chini yake wakiwa wameweka mboji kavu. Vipande vya risasi zenye chuma na vya shaba tupu ndivyo vilivyowasha moto mara kwa mara. Madini ya risasi ni laini, husambaratika bila kupata joto kiasi hicho. Misonobari inayozunguka Flagstaff mwezi Juni ni mikavu kama kibiriti.

Nimeandika hili kwanza kwenye daftari la jaribio langu la shaba, kabla ya kipimo chochote cha shabaha: shaba haifai kupigwa kwenye jiwe au chuma wakati wa kiangazi.

Jioni nilijaribu kuingiza risasi moja kwenye magazini ya bunduki, nikatumia ganda tupu lisilo na fataki ili kuwa salama. Haikuingia. Nilikuwa nimekiacha kichwa kitokeze sana ili kisimezwe na ganda. Nikakisukuma ndani milimita mbili, risasi ikaingia. Hesabu yote ya baruti inaanza upya.

Jumapili, 16 Juni

Nimempigia baba simu Iringa. Nilikosea saa. Hapa ilikuwa saa kumi alasiri, kwake saa nane usiku. Alipokea kwa kuwa alidhani kuna msiba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nani amefariki?"

Nikamwambia hakuna, nikamwomba radhi. Alikuwa ameshaamka, akataka tuzungumze. Baba alikuwa askari wa wanyamapori upande wa Ruaha hadi alipostaafu. Nikamweleza ninajaribu risasi za shaba kwa ajili ya msimu wa kulungu.

"Risasi ya shaba ni risasi gani?" akauliza. "Risasi ni risasi."

Yuko sahihi. Kiswahili kilichukua neno hili kutoka Kiarabu, ambako ni jina la madini yale mazito ya kijivu, na sisi tukayaita kwa jina hilohilo madini na kile kinachotoka kwenye mtutu. Lugha yetu ilikwisha kuamua kwamba vitu hivyo viwili ni kimoja. Nikamweleza kwa nini nataka kuvitenganisha: kichwa chenye moyo wa madini ya risasi kikimpiga mnyama humeguka vipande vidogo mno, vingine kama chembe za vumbi. Mwindaji huacha matumbo porini, ndege hula, na tindikali ya tumbo lao huyayeyusha madini hayo yakaingia kwenye damu. Hapa Arizona ndege huyo ni kondori, tumbusi mkubwa ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hufika karibu mita tatu. Mwaka 1982 walibaki 22 tu duniani. Sumu ya madini ya risasi ndiyo inayoongoza kuwaua wale waliorudishwa porini.

Baba alinyamaza kidogo. Kisha akanikumbusha Februari 2018, karibu na Hifadhi ya Ruaha, walipokutwa simba sita na tumbusi 74 wamekufa kwa mzoga uliotiwa sumu. "Pale mtu alikusudia," alisema. "Hapo kwenu mnawaua bila kukusudia. Kwa tumbusi ni mamoja."

Nimeandika saa za Iringa kwenye karatasi nikaibandika juu ya simu ya mezani.

Jumamosi, 22 Juni

Nimepima msokoto wa mtutu. Ndani ya mtutu kuna mifuo inayozunguka, nayo hukizungusha kichwa ili kisiyumbe hewani. Unaingiza fimbo ya kusafishia yenye kitambaa kilichobana, unaitia alama, unaivuta taratibu na kuangalia imesafiri umbali gani hadi kukamilisha mzunguko mmoja.

Mara ya kwanza fimbo ilikwama. Mara ya pili kitambaa kilichomoka kikabaki ndani. Mara ya tatu nilipata inchi 12, yaani sentimita 30.5. Nimerudia mara tano na jibu halikubadilika.

Hii ni habari mbaya kwa vichwa vyangu. Tangu mwaka 1879, Mwingereza Alfred George Greenhill alipotoa kanuni yake, inajulikana kwamba kinachodai msokoto wa kasi ni urefu wa kichwa kuliko uzito wake. Kwa kanuni mpya zaidi, ile ya Don Miller, uthabiti unaotakiwa ni 1.5 au zaidi. Nimeingiza urefu wa milimita 36, msokoto wa inchi 12 na hewa nyepesi ya hapa, kwenye mwinuko wa mita 2,100. Nimepata takriban 1.37. Kichwa hakitapinduka, lakini hakitatulia vizuri. Bunduki hii ya .308 ilitengenezwa kwa ajili ya vichwa vifupi.

Nina boksi zima la vichwa virefu. Nitavijaribu hata hivyo, ili niseme nilichokiona.

Jumamosi, 13 Julai

Mvua zimeanza, katazo limeondolewa. Nimefyatua risasi kumi na tano za shaba, greni 168, mita 100.

Upepo uling'oa karatasi ya shabaha mara mbili. Mara ya pili ilidondoka kwenye mstari wa jirani, tukalazimika kusimamisha uwanja mzima, watu kumi na wawili waweke bunduki chini, mimi niende kuichukua. Nimenunua pini nane.

Mashine ya kupima kasi nayo ilisumbua. Hii yangu hutambua kivuli cha risasi inapopita juu ya macho yake mawili. Wingu lilipofunika jua ilisoma mita 790 kwa sekunde, wingu lilipoondoka ikasoma 1,140. Bunduki hii haiwezi kasi hiyo. Nimefuta vipimo vyote vilivyopatikana jua likibadilika. Vimebaki vinne.

Matundu matano ya kundi bora yalitawanyika sentimita 8. Vichwa vya zamani, siku hiyohiyo, bunduki hiyohiyo, sentimita 3.

Jirani yangu wa benchi, mzee wa Kimarekani, alitazama karatasi yangu akasema ndiyo maana yeye hawezi kuacha risasi za kawaida. Nikamwonyesha hesabu ya msokoto. Alisoma yote, akauliza kama angeweza kupima bunduki yake vilevile. Nilimwazima fimbo. Watu wengi huijaribu shaba siku moja, kwa kichwa kisicholingana na mtutu wao, kisha huilaumu shaba.

Jumapili, 14 Julai

Nimesafisha mtutu kuanzia saa moja jioni hadi saa saba usiku.

Shaba ikipita kwenye mtutu huacha utando. Dawa yenye amonia huuyeyusha, na kitambaa hutoka na rangi ya buluu. Unarudia hadi kitoke cheupe. Changu hakikutoka cheupe. Kitambaa cha kumi buluu, cha ishirini buluu, cha thelathini na nane buluu ileile.

Nilifikiri bunduki imeharibika. Mke wangu aliamka kwa harufu ya amonia, akasimama mlangoni, akauliza ile ncha ya fimbo ni ya nini. Nikamwambia ya shaba nyeupe. "Basi si ndiyo inayoyeyuka?" akasema.

Ndiyo iliyokuwa ikiyeyuka. Shaba nyeupe ni shaba iliyochanganywa na zinki, na dawa haichagui. Mtutu ulikuwa safi tangu saa mbili usiku. Kesho nanunua ncha ya nailoni.

Utando huu una historia yake. Kichwa cha kwanza cha shaba tupu kilichoenea kwa wawindaji ni X, alichokibuni Randy Brooks wa kampuni ya Barnes na kukitoa mwaka 1989. Kilikuwa laini ubavuni na kilisuguana na mtutu kwa urefu wake wote, kikaacha shaba nyingi. Mwaka 2003 kampuni hiyo ilitoa aina iliyochongwa mifuo ya kuzunguka kiunoni, ili shaba inayokandamizwa ipate pa kukimbilia. Vingi vinavyouzwa leo vina mifuo ya namna hiyo. Kwa hiyo anayesema shaba huchafua sana mitutu, mara nyingi anazungumzia bidhaa ya zaidi ya miaka ishirini iliyopita.

Jumamosi, 3 Agosti

Nimebadili kichwa. Sasa ni greni 150, gramu 9.7, urefu karibu milimita 33. Uthabiti umepanda kupita 1.5.

Nimesahau nyumbani boliti ya bunduki. Niliitoa Jumapili kwa ajili ya usafi na ikabaki kwenye kitambaa mezani. Nimekwenda na kurudi: dakika themanini.

Saa sita mchana nikaanza. Risasi ya kwanza kwenye mtutu safi ilikwenda sentimita 4 juu. Ya pili sentimita 2. Kuanzia ya nne zilikaa pamoja. Nimeiacha bunduki ipoe, nikarudia: kundi la tano, sentimita 2.8. Kundi jingine, 3.1. Kasi, jua likiwa limetulia, takriban mita 850 kwa sekunde.

Tena nimeona kwamba vichwa hivi vinapenda kuruka kidogo kabla ya kukutana na mifuo ya mtutu, zaidi ya milimita moja. Vya zamani nilikuwa navisogeza hadi karibu viguse. Mazoea ya miaka saba nimeyaweka kando kwa siku moja.

Fundisho la kuandika: usiende porini na mtutu uliooshwa leo. Piga risasi nne kwanza.

Jumamosi, 24 Agosti. Navajo Bridge

Nimeipeleka familia kuwaona kondori. Ni zaidi ya kilomita 190 kutoka nyumbani. Darubini ilibaki juu ya jokofu.

Tulisimama kwenye daraja la zamani la waenda kwa miguu, mto Colorado ukiwa mita 142 chini yetu. Mama mmoja mtalii alimwazima binti yangu darubini yake. Walikuwapo wawili, wamekaa kwenye vyuma vya daraja la magari, vichwa vyekundu, kila mmoja na namba kwenye bawa. Karibu kila kondori wa hapa ana namba, kwa sababu wanafuatiliwa. Mwaka 1987 waliobaki porini walikamatwa wote wazaliane kwenye vizimba, na Desemba 1996 wa kwanza wa Arizona waliachiwa kwenye miamba ya Vermilion Cliffs, inayoonekana kutoka pale daraja lilipo. Hukamatwa mara kwa mara kupimwa damu, na wenye sumu hutibiwa.

Binti aliuliza kwa nini wasikatazwe kula mizoga. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yao. Akauliza kwa nini basi sisi tusikatazwe. Nikamweleza ukweli: California imekataza. Tangu 1 Julai 2019, uwindaji wote huko ni kwa risasi zisizo na madini ya risasi. Arizona ilichagua kuomba. Tangu mwaka 2005 idara ya wanyamapori ya jimbo huwapa bure risasi zisizo na madini hayo wawindaji wanaopata kibali katika eneo la kondori, na walio wengi wameitika.

Mke wangu aliuliza swali jingine. Nyama tuliyokula miaka iliyopita je? Vipande vile havibaki kwenye matumbo peke yake, vingine husafiri ndani ya nyama mbali na jeraha. Kwa mtoto, hakuna kiasi cha madini ya risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Sikuwa na jibu la kumridhisha. Tukirudi natoa kwenye friza nyama ya kusaga iliyobaki ya mwaka jana, naitupa.

Jumamosi, 14 Septemba

Mita 600. Nilipiga risasi tatu nzuri sana kwenye shabaha ya mtu mwingine.

Kwa umbali huo namba za shabaha ni ndogo, na upepo ulikuwa umetikisa ubao wangu. Nilihesabu kutoka kushoto badala ya kulia. Nilikwenda kwa mwenye shabaha nikamweleza, nikamlipia karatasi mpya. Risasi hizo tatu zilikuwa ndani ya sentimita 19.

Kwenye shabaha yangu mwenyewe, kumi zilizofuata zilitawanyika sentimita 34, nyingi kwa upande. Huo ni upepo. Risasi hukaa hewani karibu sekunde moja, na upepo wa kilomita 16 kwa saa kutoka ubavuni huisukuma zaidi ya nusu mita. Shaba huumia hapa kuliko kichwa kizito cha mashindano, kwa sababu ni nyepesi zaidi kwa umbo lilelile na hewa huipunguza kasi mapema. Anayetaka shaba ya kushindania mita 1,000 anahitaji mtutu wenye msokoto wa kasi zaidi, ili abebe kichwa kirefu na kizito.

Kwenye karatasi, hata hivyo, inafika. Jioni niliandika: kikomo mita 600. Nilikosea.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nilijaza maji galoni kumi na sita za plastiki za maziwa. Nne zilivuja njiani. Kiti cha nyuma kimeloa, na daftari la miezi minne limeloa kurasa za Juni na Julai. Nimezianika juu ya kipasha joto na zinasomeka.

Mita 100: nilipanga galoni sita mstari mmoja. Kichwa kilisimama ndani ya ya tano. Kimefunguka petali nne kama ua, upana karibu mara mbili ya mwanzo, uzito gramu 9.6. Hakuna kilichopotea isipokuwa ncha ya plastiki. Kichwa cha zamani katika hali hiyohiyo kilibaki gramu 6.2. Zilizobaki ni chembe ndani ya maji, na hizo ndizo zinazoliwa.

Mita 600: ilinichukua risasi saba kuipata galoni. Kichwa kilizipenya galoni zote sita na kuingia kwenye tuta la udongo. Nilikichimba. Petali zilikuwa zimejipinda kidogo tu nchani. Kilipita kama msumari.

Shaba ni ngumu, na inahitaji kasi ili ifunguke. Kwa aina hii mtengenezaji anataka angalau mita 600 kwa sekunde. Kwa hesabu yangu, inayotoka na 850 huvuka kiwango hicho karibu mita 430, na kwenye mita 600 imebaki na kama 515. Mnyama aliyepigwa hivyo hukimbia akiwa na tundu jembamba na kufa polepole mahali ambapo hutampata.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimempigia baba saa mbili usiku, saa za Iringa. Hakushtuka. Nimemsomea matokeo yote.

"Kwa hiyo bunduki inafika mita 600 na risasi inakoma 430," alisema. "Wewe unafika wapi?"

Nimekwenda uwanjani kwa mara ya mwisho kujibu swali hilo, nikilala chini juu ya majani, bila benchi, baada ya kukimbia kidogo. Mvua ilinyesha na kofia ikabaki kwenye gari. Mita 450: risasi mbili kati ya tano nje ya duara la sentimita 20. Mita 400: moja nje. Mita 350: zote tano ndani, na kasi ingali juu ya 640.

Nimeandika 350 kwa wino kwenye utepe mweupe, nikaubandika kwenye kitako cha bunduki.

Wewe unayetaka kubadili, usianze na boksi la risasi. Anza na fimbo na kitambaa, upime msokoto wa mtutu wako, ununue kichwa kinacholingana nao. Osha mtutu mara moja, chafua kwa risasi nne, kisha ndipo uhukumu. Soma kasi ambayo kichwa chako kinahitaji ili kifunguke, na kikomo chako kiwe kile kidogo kati ya mkono wako na kasi hiyo. Vichwa vya ZAMANI nimevitoa nyumbani vyote. Kopo limebaki moja.